Bonasi ya majani chai si bakshishi, ni salio la mkulima

KATI ya maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika Kiswahili cha Kenya na kupata uraia bila kuulizwa maswali, 'bonus' ni mojawapo. Tulilivisha vazi la Kiswahili likawa 'bonasi', tukaliweka katika ngeli ya I-ZI (bonasi hii, bonasi hizi), na leo hakuna anayelishangaa. Lakini ukitaka kulisikia likitajwa na watu wengi kwa wakati mmoja, abiri matatu ya kwenda Othaya, Karatina, Kerugoya au Nkubu mwezi wa Oktoba. Mazungumzo ni hayo tu: "Bonasi imeingia?" "Iriaini wametangaza ngapi?" "Kwani hawa watu wametupea ngapi mwaka huu?"

Katika makala ya leo, ninataka tulichunguze neno hili kwa makini: maana zake katika Kiingereza, visawe vyake katika Kiswahili, na hasa jinsi linavyotumika katika kaunti zinazouzunguka Mlima Kenya. Dai langu ni moja. Linapotumiwa kuhusu malipo ya majani chai, neno 'bonasi' hubeba maana isiyolingana na kitu chenyewe. Hukiita zawadi kile ambacho kwa hakika ni deni. Hilo si kosa la sarufi bali ni kosa la maana, na makosa ya maana ndiyo huwagharimu watu pesa.

Tuanze na asili. Katika Kilatini, 'bonus' lilikuwa kivumishi cha kawaida kabisa, chenye maana ya '-ema' au '-zuri'. Kiingereza kililichukua katika karne ya 18, kupitia mazungumzo ya wauzaji wa hisa jijini London, kikaligeuza kuwa nomino: kitu chema kinachotolewa juu ya kile kilichotarajiwa. Tangu hapo neno hili limechipua matawi mengi.

Tawi la kwanza ni la ajira. Mfanyakazi amelipwa mshahara wake wote, kisha mwajiri anamwongezea kitu mwishoni mwa mwaka kwa sababu kampuni imepata faida au kwa sababu mtu huyo amefanya kazi ya kutajika. Tawi la pili ni la michezo: timu ikishinda mechi, wachezaji hupewa fungu la ushindi juu ya posho yao ya kawaida. Tawi la tatu ni la bima, ambapo mwenye aina fulani ya bima ya maisha huongezewa kiasi fulani kutokana na faida ya kampuni. Tawi la nne ni la biashara ya kila siku. Unanunua muda wa maongezi wa Sh100 na kampuni ya simu inakuwekea dakika kadhaa juu. Kampuni za kamari nazo hutumia neno hilohilo kumvuta mchezaji, ingawa 'bonasi' yao huja na masharti ambayo wengi huyagundua baada ya pesa kwenda. Kuna pia alama za ziada katika mtihani. Mwisho, kuna matumizi ya mazungumzo tu, pale mtu anapotaka kusema kwamba jambo fulani ni heri iliyozidi: nilikwenda kumwona rafiki, nikakuta pia wamechinja, kule kuchinja ni 'bonus'.

Matawi ni mengi lakini shina ni moja. Katika maana zote hizo kuna kitu ambacho mpokeaji alikuwa akistahili, na juu yake kukawa na kingine. Kwa hivyo tunaweza kuunda kipimo rahisi cha kutumia kila tunapokutana na neno hili. Kiondoe hicho kinachoitwa bonasi, kisha uulize: je, kuna mtu aliyedhulumiwa? Mwajiri asipotoa chochote Desemba, mfanyakazi atanuna lakini mshahara wake ameupata. Kampuni ya simu isipoweka dakika za juu, zile za Sh100 bado zipo. Hakuna aliyedhulumiwa. Basi hiyo ni bonasi ya kweli.

Tukiwa na kipimo hicho, tutazame Kiswahili kina nini. Watafsiri na wanahabari hutumia maneno mbalimbali katika nafasi ya 'bonus', na si yote yanayobadilishana nafasi kwa urahisi.

'Bakshishi', ambalo wengine huliandika 'bahashishi', ni neno lenye asili ya Kiajemi. Ni kile anachopewa mhudumu, mpagazi au dereva kwa kuwa aliyehudumiwa ameridhika. Hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na ni hiari ya mtoaji. 'Marupurupu' katika Kiswahili cha Kenya yameegemea upande wa ajira: ni malipo yanayoambatana na mshahara, kama vile ya nyumba au usafiri. 'Kiinua mgongo' hutolewa mtu anapoondoka kazini, baada ya kuuinamisha mgongo kwa miaka. 'Nyongeza' na 'ziada' ndiyo mapana zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yanayolikaribia zaidi neno la Kiingereza. Ukinunua nyanya katika soko la Karatina, ukasema, "Mama, si uniongezee," naye akachukua mbili akaziweka juu ya fungu, hizo mbili ni nyongeza. Fungu ulilolipia liko kamili. Hapo kipimo chetu kinafaulu bila shida.

Kuna pia 'takrima', neno la Kiarabu lenye maana ya ukarimu kwa mgeni. Nalitaja kwa sababu historia yake nchini Tanzania inaonyesha kwamba uteuzi wa jina si jambo dogo. Mwaka 2000, sheria ya uchaguzi ya nchi hiyo ilifanyiwa marekebisho yaliyoruhusu wagombea kuwakirimu wapigakura kwa nia njema. Watu wakayaita mambo hayo 'takrima'. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikiuka katiba. Wali na soda vilikuwa vilevile kabla na baada ya hukumu. Suala lilikuwa iwapo jina zuri lilikuwa likiufunika mlango wa hongo. Jina jema linaweza kukificha kitu kibaya. Je, haliwezi pia kuficha haki ya mtu?

Sasa tupande mlimani. Nyeri ni mahali panapofaa kuanzia hadithi ya chai ya wakulima wadogo. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kuwafungulia Waafrika mlango wa kupanda mazao ya kuuza, kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo kilijengwa Ragati, katika eneo la Mathira, mwaka 1957. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni iliunda mamlaka ya mazao maalum, na mwaka 1964, baada ya uhuru, nafasi yake ikachukuliwa na KTDA. Leo kaunti hii ina viwanda vya Ragati, Gathuthi, Gitugi, Iriaini na Chinga. Ukizunguka mlima utakuta Kangaita na Mununga kule Kirinyaga, Mungania na Rukuriri kule Embu, Weru kule Tharaka Nithi, na Imenti na Githongo kule Meru. Mwaka 2000 KTDA iliacha kuwa shirika la serikali. Viwanda ni kampuni, na kampuni hizo ni mali ya wakulima wenyewe kupitia hisa zao.

Malipo yenyewe hufuata utaratibu huu. Mkulima huchuma majani, huyapeleka kwenye kituo cha kununulia, karani huyapima na kuandika kilo, na lori huyabeba hadi kiwandani. Huko hunyaushwa, husagwa na kukaushwa. Huchukua takriban kilo nne hadi tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyo tayari. Sehemu kubwa ya chai hiyo huuzwa katika mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969, na bei yake hunadiwa kwa dola za Marekani. Kwa kuwa bei hupanda na kushuka, hakuna anayejua mapema kilo moja ya majani ya leo itakuwa imeleta shilingi ngapi mwishoni mwa mwaka. Kwa sababu hiyo mkulima hulipwa sehemu kila mwezi, kwa kiwango kilichowekwa mapema. Mwaka 2021, kwa mfano, kiwango hicho kilipandishwa kutoka Sh16 hadi Sh20 kwa kilo. Mwaka wa fedha ukifika tamati Juni, hesabu hufungwa: mauzo yote, ukitoa gharama za kuni, umeme, mishahara, uchukuzi, usimamizi na mikopo. Kinachobaki ni cha mkulima, kulingana na kilo alizopeleka. Hicho ndicho hulipwa karibu Oktoba, na hicho ndicho huitwa bonasi. Kuna miaka ambapo sehemu yake hutangulizwa katikati ya mwaka, nayo ikaitwa bonasi ndogo, ingawa hutoka kwenye chungu kilekile na hupunguza kitakachopakuliwa Oktoba.

Tufanye hesabu ya kufikirika, iwe rahisi kufuatia. Tuseme mkulima amepeleka kilo 3,000 kwa mwaka, na hesabu zikaonyesha kwamba kila kilo imemletea Sh60 baada ya gharama zote. Jumla yake ni Sh180,000. Ikiwa alilipwa Sh20 kwa kilo kila mwezi, amekwisha kupokea Sh60,000. Zimebaki Sh120,000. Yaani thuluthi mbili za mapato yake ya mwaka ndizo zinazoitwa 'bonasi'. Kiondoe kiasi hicho, kisha urudi kwenye kipimo chetu: je, kuna mtu aliyedhulumiwa? Bila shaka yupo. Amedhulumiwa Sh120,000.

Hebu tulihamishe jambo hilohilo hadi mjini Nyeri. Karani ameandikwa kazi kwa mshahara wa Sh30,000 kwa mwezi. Mwajiri anampa Sh10,000 kila mwezi, kisha Oktoba anamwita, anampa Sh240,000 na kumwambia, "Shika bonasi yako." Karani huyo hatasema asante. Ataitafuta Sheria ya Ajira ya 2007 na wakili wa kumsomea. Ni kweli kwamba hali ya mkulima si sawa na ya karani, kwa kuwa mshahara wa karani unajulikana tangu mwanzo na bei ya chai haijulikani. Kwa hivyo sipingi utaratibu wa kulipa mara mbili. Ninachopinga ni jina. Fedha zilizochelewa kwa sababu nzuri bado ni fedha za mwenyewe.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba neno limekosea njia. Bakshishi, zawadi na bonasi huhitaji pande mbili: mtoaji na mpokeaji. Lakini kiwanda ni cha nani? Ni cha mkulima. Hisa ni zake, wakurugenzi huchaguliwa na wakulima, hata mkopo wa mashine mpya unalipwa kutokana na majani yake. Mtu hajipi bakshishi. Na tusisahau kwamba katika mazungumzo yetu Wakenya neno 'chai' lenyewe lilishapata maana ya pili ya kitu kidogo kinachopenyezwa mkononi. Mkulima wa chai hapewi chai. Analipwa chai yake.

Wanaosoma lugha watafaidika zaidi wakitazama vitenzi vinavyoandamana na neno hili, maana nomino inaweza kudanganya lakini vitenzi vyake huiumbua. Mshahara hulipwa, deni hulipwa, kodi ya nyumba hulipwa. Bonasi je? Bonasi 'hutolewa', 'hutangazwa', 'hutoka', 'huingia', na mkulima 'huipata' au 'huipewa'. Sikiliza tena ile kauli ya kwenye matatu: "Wametupea ngapi?" Mwalimu wa sarufi atasahihisha umbo la kitenzi na kusema 'wametupa', na atakuwa sahihi, kwa sababu kitenzi '-pa' tayari kina maana ya kumtendea mtu na hakihitaji kuongezewa 'e'. Lakini atakuwa ameacha kosa kubwa zaidi. Iwe '-pa' au '-pea', kitenzi chenyewe ndicho kisichofaa. Swali lilipaswa kuwa, "Wametulipa ngapi?" na hata zaidi, "Wametubakizia ngapi?"

Magazetini na redioni hali ni ileile. Vichwa vya habari hupenda picha za neema: wakulima watabasamu, wakulima wavuna mamilioni ya bonasi, bonasi nono yawashukia wakulima. Kitenzi 'kushukia' ni cha mvua na baraka. Kinamwonyesha mkulima akikinga mikono chini ya mbingu iliyofunguka, ilhali mtu huyo alikuwa shambani wakati wa baridi ya Julai, akiwa amevaa karatasi ya nailoni kiunoni, akichuma majani mawili na kichomozo. Tena katika mwezi uleule hutokea mwanasiasa akasimama jukwaani na kudai kwamba ndiye 'aliyewaletea watu bonasi'. Akisema amewaletea watu salio la pesa zao wenyewe, hata watoto watacheka. Neno 'bonasi' ndilo linalomwezesha kupigiwa makofi.

Madhara hayaishii jukwaani. Neno linaloita haki kuwa zawadi hubadilisha maswali ambayo watu wanaweza kuuliza. Mtu aliyepewa zawadi ndogo hunung'unika, lakini adabu humzuia kuuliza mengi, kwani zawadi haina mizani. Mtu aliyelipwa salio dogo huuliza hesabu. Linganisha sentensi hizi mbili: "Mbona bonasi ya mwaka huu ni kidogo?" na "Mbona salio langu la mwaka huu ni dogo?" Jibu la sentensi ya kwanza laweza kuwa, "Mwaka ulikuwa mbaya, mshukuru Mungu kwa hicho." Jibu la ya pili haliwezi kuwa hilo. Lazima liende kwenye bei ya mnada, thamani ya dola, kilo zilizouzwa na zilizobaki ghalani, kuni zilinunuliwa kwa nani na kwa bei gani, na kila mkopo ulikatwa kiasi gani. Watu wa viwanda viwili vilivyopakana hulinganisha 'bonasi' zao na wengine huandamana wakiona tofauti. Nao wana haki ya kuuliza. Lakini wangeuliza kwa makali zaidi wakiwa na neno linaloanzia kwenye hesabu.

Tena kuna wakopeshaji. Anayetafuta karo ya Januari, au mabati ya kuezekea, huambiwa achukue sasa na kulipa 'bonasi ikitoka'. Akiishiwa zaidi, huwauzia majani yake madalali wa soko huru, wanaompa pesa taslimu papo hapo. Mara nyingi hesabu anayofanya kichwani ni kulinganisha bei ya dalali na malipo ya kila mwezi, kama kwamba ile ya Oktoba ni bahati nasibu ambayo huenda ikaja au isije. Katika hesabu yetu ya kufikirika, dalali akimpa Sh30 kwa kilo ataonekana kumshinda mwenye Sh20, kumbe bei kamili ni Sh60. Nani aliyemfundisha mkulima kuitenga ile Sh40 kando ya bei? Umaskini wa Jumatatu ndio mwalimu wa kwanza, sitaki kuudharau. Lakini neno 'bonasi' ni mwalimu msaidizi.

Najua kuna atakayesema kwamba ninatafuta mvi kwenye kichwa cha mtoto. Atasema maneno hubadilika maana yanapohama, na kwamba mkulima wa Tetu anajua fika kuwa bonasi ni pesa zake. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo naikubali. Hapa hapa Nyeri tuna neno 'faktori'. Kwa mkulima wa kahawa, faktori ni mahali pa kumenya kahawa mbivu, kuiosha na kuianika, wala si jengo kubwa lenye bomba la moshi kama Mwingereza anavyolidhania. Neno limehama, limebadilika, na hakuna aliyepoteza hata senti. Hilo sina ugomvi nalo. Lugha ya Gĩkũyũ nayo imelifanya soko kuwa 'thoko' na kitabu cha Kiingereza kuwa 'mbuku', na mambo yakaenda sawa.

Sehemu ya pili ndiyo inayonitatiza. Ni kweli kwamba ukimkalisha mkulima chini na kumwuliza, atakwambia bonasi ni jasho lake. Lakini lugha haifanyi kazi tu pale mtu anapokalishwa chini na kuulizwa. Hufanya kazi pale anapoharakisha, anaposikiliza redio, anapopiga hesabu ya mkopo, anapomsikiliza mgombea. Isitoshe, neno hili halikuacha maana yake ya zamani lilipohama. Mkulima huyohuyo ana simu inayompa 'bonasi' ya dakika, na kijana wake ana kamari inayompa 'bonasi' ya kubashiri. Faktori ya kahawa haishindani na maana nyingine katika maisha ya mtumiaji wake. Bonasi hushindana kila siku, na maana ya zawadi ndiyo yenye matangazo mengi zaidi.

Tena jina mbadala si la kuundwa na kamati. KTDA yenyewe katika hati zake rasmi huyaita 'malipo ya pili', na 'bonasi' huongezwa kando kwa ajili ya masikio yaliyolizoea. Kiswahili kina 'salio', kutokana na kitenzi '-salia', na hakuna Mkenya asiyelijua, kwa kuwa mitambo ya kutuma pesa kwa simu humtajia salio lake kila anapoitumia. Hakuna anayeona salio la simu akadhani amepewa zawadi. Kina pia 'baki' na 'malimbikizo', ingawa hili la pili lafaa zaidi kwa malipo yaliyocheleweshwa isivyo halali. Gĩkũyũ nacho kina 'matigari', yaani yaliyosalia, neno ambalo Ngũgĩ wa Thiong'o alilifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1986 kuhusu mtu anayerudi kudai nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Lugha zetu, basi, hazikukosa neno. Tulilikwepa tu.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwandishi wa habari anaporipoti malipo ya Oktoba, aandike 'malipo ya pili ya majani chai' au 'salio la majani chai', na aliache 'bonasi' ndani ya alama za kunukuu pale mhusika mwenyewe amelitamka. Pili, akitaja kiwango, akitaje kikamilifu: si 'bonasi ya Sh40', bali 'Sh60 kwa kilo, Sh20 zikiwa zimekwisha kulipwa'. Msomaji wa Chuka au Embu akiona nambari zote mbili pamoja, ataijua bei ya majani yake. Tatu, atumie kitenzi 'kulipa'. Kiwanda kimelipa, mkulima amelipwa. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kutangaza.

Neno 'bonasi' lenyewe lisifukuzwe. Lina kazi yake. Mkulima wa Gathuthi akilipwa kila senti ya majani yake, kisha kiwanda kikapata mapato mengine nje ya majani na kuamua kumwongezea kila mmoja kitu kidogo juu, hiyo itaitwa bonasi, nami nitaiandika bila alama za kunukuu. Hadi siku hiyo, kinachoingia benki Oktoba kina mwenyewe tangu siku jani lilipochumwa.